Marehemu Bado Anajibu Kundini

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako maana nimebeba neno ambalo hata dada yangu, ninayelala naye chumba kimoja sasa, sijathubutu kumwambia.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akajiunga na masomo ya mtandaoni ya kufundisha watoto wasiosikia vizuri, wakapangwa kundi dogo, kila wiki mkufunzi anatoa swali, kila mtu anaandika maoni yake, kisha lazima ajibu hoja za wenzake wawili, na mmoja kwa zamu anafunga mjadala. Kwa alivyopenda kupinga wakamwita Mbishi. Alikuwa akinisomea majibu yao nikikunja nguo, ananiuliza, "Wewe ungemjibuje huyu?" na mimi nikawa nasoma bila kuandikishwa.

Presha ikamchukua ghafla. Tulipokwisha kuzika na wageni kuondoka, simu yake ikalia: "Mbishi, zamu yako kufunga mjadala, mbona kimya?" Nilitaka kuandika kwamba hayupo tena, Shangazi, vidole vikakataa, nikasoma hoja zote nikaufunga mjadala kwa jina lake, wakasifu, na tangu hapo naandika mimi, na nikiandika nyumba haina msiba. Wanasema Mbishi siku hizi anasikiliza kwanza. Wamempenda mume wangu baada ya kufa.

Juzi mwalimu mmoja waliyewahi kurushiana naye maneno makali akamwandikia pembeni: "Ndugu yangu, nilikuita mjinga mbele ya watu. Nisamehe." Nikajibu, "Yamekwisha, ndugu yangu." Nilipokwisha kutuma ndipo nikakumbuka kwamba mume wangu alikufa na kinyongo chake, aliniambia mwenyewe. Sasa mkufunzi ametangaza kwamba Ijumaa mjadala wa mwisho ni wa sauti, kila mtu asikike. Niseme anaumwa, au nijitoe kimyakimya?

Mjane

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeiweka chini kwanza ndipo nikaendelea.

Usiseme anaumwa. Utamuuguza mpaka lini?

Kushika simu ya mumeo na kuendeleza mazungumzo yake, hilo naliona ni uchungu, sikulaumu sana. Lakini kwenye msamaha umevuka mpaka. Kinyongo kilikuwa cha marehemu, nani alikutuma ukifute? Yule bwana anatembea mwepesi akidhani amepatana na mtu ambaye yuko kaburini. Umempa kitu ambacho hukuwa nacho.

Leo hii mpigie mkufunzi. Mwambie mumeo alifariki lini na maandishi gani ni yako, ayaondoe kwenye alama zake. Kisha mpigie yule mwalimu kabla hajasikia kwa wengine. Usimwandikie, mwanangu, kuandika umeandika vya kutosha. Akikuuliza kama mumeo alimsamehe, mwambie hapana. Huenda akakutukana, huenda akakata simu. Vumilia, ana haki. Kundi litangazie msiba kwa jina lako mwenyewe, halafu utoke.

Najua unayapenda masomo hayo. Yapo, hayakimbii, utajiandikisha ukiwa tayari. Kwa sasa mwite dada yako, mweleze yote, akae karibu nawe unapopiga simu hizo. Ukimaliza, mpe simu ya marehemu aizime, ulie. Maana kwa barua hii, mwanangu, naona hujaanza.