Nimepata Lori la Majani Chai

Kinoo, Jumapili

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwenye baridi ya Kinoo. Mguu unaendeleaje? Na mama, kile kifua kimemwachilia? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kanisani naenda, kwa hiyo asiwe na wasiwasi.

Najua hukupenda niliposema natafuta kazi ya masafa marefu. Hukunigombeza, lakini nakujua. Sijasahau jinsi kampuni yako ilivyokuacha hospitalini lori lako lilipobingirika, wakasema kosa ni la dereva. Ndiyo maana nataka ujue nilivyoitafuta hii kazi.

Kwanza niliitwa na kampuni moja yenye ofisi Westlands, ghorofa ya sita, vioo vitupu. Meneja alinipa chai na barua ya kazi kwa wakati mmoja. "Weka sahihi hapa, kesho unaenda Kampala." Nikamwomba nilione lori kwanza. Akacheka. "Wewe ni dereva ama inspekta?"

Sikutia sahihi. Nilienda mwenyewe hadi yadi yao, nikakuta madereva wawili wakinywa uji langoni. Nikawauliza lile lori la Kampala lilikuwa la nani.

"Lilikuwa langu," mmoja akasema. "Nimeacha. Ukiwaambia umechoka, wanakuambia kuna wengine kumi wanangoja. Ebu angalia tairi za nyuma."

Nikainama. Nyaya zilikuwa zinachungulia kwenye mpira.

Baba, miezi mitatu sikuwa na kazi, ila vibarua vya kuendesha pikapu ya mama mmoja wa mtaa wa Karen anayeuza maua. Nilipokataa lile lori, Kamau ninayekaa naye alinishangaa. "Uko sawa kweli? Kazi ni kazi, bwana! Tairi si watabadilisha tu?" Siku mbili hatukuongea vizuri. Hata mimi nilianza kujiuliza kama si woga tu umenivaa.

Kisha Kamau huyohuyo akaniletea habari za Mama Wanjiku, mjane mwenye malori matano hapa karibu. Alitaka dereva wa lori moja tu, la kubeba majani chai kutoka Limuru hadi Mombasa, njia ileile kila wiki. Nilimuuliza yote: nani hutengeneza malori, dereva hupumzika wapi, akiumia inakuwaje. Hakukasirika. Alimwita Mzee Mutiso, dereva wake aliyewahi kuvunjika mkono kazini. "Muulize yeye, mimi nitoke nje." Mzee akasema alitibiwa, mshahara haukukatwa, na kazi yake akaikuta.

Mama Wanjiku aliporudi akasema, "Sasa ni zamu yangu kukujaribu."

Kesho yake nilipewa mbolea nipeleke Mai Mahiu, Mzee Mutiso kando yangu. Katikati ya mteremko, ingawa nilikuwa kwenye gia ya chini, nikasikia harufu ya breki zikiungua. Nikaegesha, nikaweka mawe kwenye magurudumu. Mzee akatazama saa yake.

"Mteja anangoja."

"Angoje, mzee."

Nilijua huenda nimeifukuza kazi kwa mdomo wangu. Tulikaa karibu saa nzima hadi breki zikapoa, ndipo tukashuka polepole kupeleka mbolea.

Tuliporudi, Mama Wanjiku akamuuliza, "Mlichelewa?"

"Sana. Breki zilipata moto, akakataa kushuka. Nilimharakisha, akakataa."

"Basi hilo lori liingie gereji leo," Mama Wanjiku akasema. Kisha akanigeukia, akanipa mkataba. "Nenda nao nyumbani usome. Pahali hujaelewa, uliza."

Nimeusoma mara tatu. Jana nilitia sahihi.

Msalimie mama, dada Mghoi na wanafunzi wake wa cherehani, na mjomba fundi wa baiskeli. Kamau pia anawasalimu, ameshaanza kujisifu kwamba ndiye aliyenipatia kazi hii.

Naondoka Alhamisi alfajiri. Mchana, kama saa nane, nitapita hapo nyumbani Maungu. Nimeomba nusu saa ya kusimama kwenye kituo cha petroli, na nimeruhusiwa. Lori ni jeupe, lina turubai la kijani. Sikulazimishi, Baba, najua tangu ajali hujapanda lori. Lakini nitasimama, na mlango wa upande wa pili nitauacha wazi.

Mwanao anayekuheshimu,
Mwadime