Baba, Gari Tumelipaka Buluu

Baba yangu mpenzi,

Nimeolewa! Nimeliweka neno hili mbele kwa sababu nakujua: barua ukiipata ulikuwa huwezi kufika mstari wa pili kabla hujauliza maswali matatu. Nimeolewa, leo ni mwezi mmoja na siku tisa, na kijana wa Mbale anayeitwa Hamza, fundi wa kupaka magari rangi. Nina furaha mpaka naona haya. Nikichota maji nacheka, nikimenya matoke nacheka. Shangazi ameshanionya: "We Zubeda, funga mdomo, nzi wataingia."

Neno la pili ni zito, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Gari lako tumelipaka rangi. Lami yako tumeitoa. Najua wasia uliomwachia Mama: "Mwambie Zubeda asilisafishe gari mpaka ajue pamekuwa salama." Baba, sikujua. Nani anajua? Redio inasema vita vimekwisha, lakini redio ilishasema hivyo mara ngapi? Basi nisikilize ilivyokuwa. Ukiona nimekosea, unisamehe kama ulivyonisamehe mara ile.

Niliporudi kutoka Bungoma, nikiwa na cheti changu cha shule na sanduku moja, nililala Jinja kwa Mama usiku mmoja tu, kisha nikaenda Mbale, mtaa wa Nabuyonga, kuliona gari. Ulilificha vizuri. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Shangazi, juu ya mawe, bila matairi, jeusi tii, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Niliingia nikakaa mahali pako. Nikaweka mikono kwenye usukani, pale palipolainika kwa viganja vyako. Nililia kwa sauti mpaka kuku mmoja akatoka dirishani kwa hasira.

Nilipoinua kichwa nikamwona mtu kwenye ua, amesimama na kopo la rangi.

"Dada, unauza hiki chuma?"

"Siuzi."

"Basi niruhusu nikiangalie tu."

Akaja kukiangalia siku hiyo, na kesho yake, na Jumapili yote. Karakana yake iko jirani, ukivuka ua tu. Siku ya tano Shangazi akaniambia jikoni, bila hata kupunguza sauti, "Huyu kijana, gari ameshalijua. Sasa anaangalia nini?"

Nitakuambia saa niliyompenda, maana wewe ulipenda kujua saa. Watu wote waliolipita gari lile walicheka. Walisema mwenyewe alichanganyikiwa, gari zuri vile kulipaka lami ya barabara kwa brashi ya ukuta! Hamza hakucheka. Alipiga magoti, akakwangua kidogo chini ya madigadi, akaifuta sehemu ile kwa mafuta ya taa. Kisha akasema, "Mzee aliyefanya hivi alijua anachofanya. Magari yaliyoachwa nje miaka ile yote yameliwa na kutu. Hili bati lake ni zima." Baba, ningemwoa palepale mimi mwenyewe, kama ingekuwa mwanamke ndiye anayeoa.

Hamza hachagui rangi kwa maneno ya muuza duka. Alikata debe vipande vinne, akavipiga msasa, akavipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu kila kipande akakipa rangi yake ya juu. Akavigongomelea kwenye banda la kuku, upande unaopigwa na jua na mvua ya mlimani. Akaniambia tusiamue lolote mpaka mvua zipite. Miezi mitatu, Baba! Kila asubuhi tulikutana bandani kuvikagua, kichwa chake karibu na changu, tukivigusa kwa ukucha. Ananuka thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, nami sasa harufu ya thina ikinipitia barabarani moyo unaruka. Kipande cha kwanza, cha ile rangi inayokauka kwa saa moja, kilifubaa. Cha pili kilipasuka kama tope la kiangazi. Cha tatu, rangi ya mafuta peke yake, kilivumilia lakini vumbi liliking'ang'ania. Cha nne kilikuwa na rangi hiyohiyo ya mafuta, na juu yake vanishi, ambayo haina rangi yoyote, ni kama maji mazito. Kazi yake ni kuilinda tu iliyo chini. Kile kilibaki kinang'aa kama jicho la mtoto, hata kuku walikuwa wanajitazama.

"Chagua wewe," Hamza akasema. "Gari ni la baba yako."

Nikachagua nyeusi. Nyeusi ya kufubaa, isiyong'aa, bila vanishi. Nikasema afadhali hata akoroge majivu ndani yake.

Hakubishana. Alikaa juu ya ndoo akafuta mikono yake. "Nitapaka unachotaka," akasema. "Lakini niambie, unamficha nani?"

Hapo nikamweleza yale tuliyoyajua wewe, Mama na mimi tu. Nilimweleza kwamba askari wa wakati ule waliyachukua magari mazuri mchana kweupe, na kwa hiyo wewe ulilipaka letu majivu na oili chafu, likaonekana bovu kuliko yote pale Jinja. Nilimweleza kwamba nilikuwa na miaka kumi na moja, na ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Mama alikuwa amefua mapazia, amesugua mikeka, amepanga vikombe vipya. Kila kitu cha nyumba yetu kilikuwa safi isipokuwa gari. Nikaona aibu kwa ajili yako. Nikachukua ndoo na sabuni ya unga, wewe ukiwa msikitini, nikaliosha lote mpaka buluu ikatokea. Nilitaka ushangae ukirudi.

Ulishangaa. Bado nauona uso wako.

Asubuhi ya Idi walikuja, wakakuambia, "Bwana, endesha." Ukaondoka nao na kanzu yako mpya. Siku nne. Mama hakulala. Siku ya tano ukarudi ukiendesha taratibu, umeinama upande mmoja kwa ubavu waliokuvunja. Ulisema mafuta yaliwaishia karibu na Bugiri, wakaliacha gari, na wewe pamoja nalo. Kikohozi kilianza wiki ile. Hakikukuacha tena.

Nilimwambia Hamza kwamba hukunipiga. Uliniita uani, ukanipa brashi, tukaipaka lami pamoja, wewe juu, mimi milangoni. Nilikuwa nalia, na ukaniambia, "Kuosha si kosa, mwanangu. Kosa ni la aliyechukua." Mara ngapi uliniambia hivyo? Nami kila ukikohoa nilikuwa najiambia, hiki nilimpa mimi. Nilikwenda na hilo Bungoma. Habari ya kifo chako ilinikuta kidato cha tatu, siku ya sita, watu wameshakuzika na kusoma hitima, na kitu cha kwanza nilichofikiri kilikuwa ndoo.

Hamza alilia, Baba. Mwanaume mzima, juu ya ndoo, kati ya kuku. Kisha akasema, "Mtoto aliosha gari la baba yake kwa Idi. Basi?" Alivyolisema lile "basi", kitu fulani kilijiachia kifuani mwangu. Siku ile alinichumbia, au mimi nilimchumbia, tunabishana mpaka leo.

Nikachagua buluu. Buluu yako, na vanishi juu yake.

Tulioana, akiwa na tone la rangi nyekundu nyuma ya sikio ambalo hakuna mtu aliyeliona ila mimi, nikakaa mbele ya shehe nikilitazama lile tone badala ya kusikiliza. Fungate ilipokwisha akaianza kazi. Alikwangua, akapiga msasa, akapuliza rangi kwa mashine ya upepo, mimi nikishika mwavuli ili majani yasianguke juu yake. Ila chini ya gari, lami yako hakuigusa. Alisema kwa tope na mawe ya barabara hizi hana kitu kitakachokinga kuliko ile. Kwa hiyo bado unalilinda, Baba. Huonekani tu.

Alinionya tungoje rangi ikauke vizuri kabla ya vanishi, na tusiende popote. Lakini Ramadhani ilikuwa inaingia, na mimi sikuweza kungoja kumleta mume wangu kwako. Nilimsumbua siku tano. Akakubali, akafunga matairi ya kuazima, na makanika wa jirani akaiamsha injini. Tukatoka Mbale asubuhi, gari lina buluu mpaka watoto wa barabarani wanatukimbilia.

Kabla ya daraja moja, mbele ya Iganga, kulikuwa na rodibloku. Magunia ya mchanga, gogo, askari watatu. Mikono yangu ilikuwa baridi kama ya maiti, unisamehe kwa neno hilo. Mmoja akaja, mrefu, bunduki begani. Akalizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena.

"Bwana, hii gari umetoa wapi?"

"Ni ya mkwe wangu, afande. Marehemu."

"Naona mpya."

Akanyoosha kidole gumba kuelekea boneti, na mume wangu, huyu mpumbavu ninayempenda, akapiga kelele, "Afande, usiguse!"

Baba, nilifumba macho. Nilikuona na kanzu yako.

"Mimi?" askari akasema. "Unaniambia mimi, nisiguse?" Na akabonyeza.

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa anakitazama kidole chake, kimekuwa buluu. Akakifuta kwenye gunia, hakikutoka. Akakifuta kwenye suruali, ikawa mbaya zaidi. Wenzake wakaanza kucheka. "Leo kwa kidole hicho utakula posho ya buluu!" mmoja akampigia kelele. Naye akacheka, Baba, akacheka meno yote nje, kijana tu, labda ana umri wangu. Hamza akatoka na kitambaa chenye mafuta ya taa, akamshika mkono na kumfuta kidole kwa upole kama anavyomfuta mteja.

"Ndugu yangu ana baiskeli kule Soroti," askari akasema. "Wewe unaweza kupaka baiskeli?"

"Naweza, afande."

"Basi nendeni. Na huyu bibi harusi, mwambie apumue."

Gogo likainuliwa. Ni hivyo tu.

Tulifika kwako Jinja mchana. Wazee hawakuniruhusu kuingia makaburini, nikasimama nje ya ukuta, Hamza akaingia akakuombea dua. Alikaa muda mrefu. Sijui alikuambia nini, amekataa kunieleza, anasema ni ya wanaume. Mama alipoliona gari aliweka mkono mdomoni, akasimama mlangoni hivyo hivyo mpaka wali ukaungua.

Tuliporudi Mbale, Hamza alitaka kupapiga msasa mahali pale pa kidole na kupapaka upya kabla ya vanishi. Nikamzuia.

"Mke wangu, wateja wataiona. Watasema Hamza hajui kazi."

"Waseme."

Akaguna, akavaa kitambaa chake puani, akapuliza vanishi juu yake. Sasa alama ile imo ndani, ukubwa wa karanga, na ukiinama unaiona mistari ya kidole. Ukipapasa juu ni laini tu, hakuna kitu. Nimesimama pale mara nyingi mno kwa mwanamke mwenye kazi za nyumbani. Askari aliligusa gari letu likiwa safi, na jioni ile lilikuwa limeegeshwa mlangoni kwa Mama, na mume wangu alikuwa ndani anakula wali ulioungua na kuusifu.

Hiyo ndiyo hakika niliyo nayo, Baba. Sina kubwa zaidi. Kama pote ni salama sijui, na usiku nikisikia lori zito bado naamka. Lakini pale darajani, siku ile, palikuwa salama.

Nakuahidi kitu kimoja, kisha nikuache upumzike. Sitasema tena kwamba kikohozi kile nilikupa mimi. Ulinikataza kusema hivyo ukiwa hai, nami nikakuasi miaka yote hii. Leo nakutii.

Mungu akupe pumzi nzuri huko uliko, kifua kipana, kisicho na maumivu.

Binti yako, na sasa mke wa Hamza (naandika hili nikicheka),

Zubeda