Kopo la Unga wa Nguvu

Bugene, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepona? Na baba, kifua kimetulia? Mimi mzima, ila nimechoka. Tangu nimalize kidato cha nne na kuja huku kwa kaka Projestus sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na haya si ya kusikiwa na majirani.

Mama, ni ule unga wa kopo uliomtumia kaka ili apate mtoto. Alifuata maelezo ya muuzaji: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, ndani ya ile juisi ya ndizi uliyomkamulia. Vidonge vyake vya kisukari akaviacha. Nilipomkumbusha alisema, "Vile vinamaliza nguvu za mwanaume. Wewe mtoto, nenda kaoshe vyombo." Nikaenda.

Lakini mimi ndiye ninayefagia bafuni. Kila asubuhi nilikuta sisimizi wamejaa kwenye mawe, pale kaka anapojisaidia haja ndogo. Namwaga maji, kesho wapo tena. Shuleni tulifundishwa maana yake, kwamba mkojo una sukari, ila nilikaa wiki mbili bila kusema, kwa aibu. Nisamehe. Kaka alikuwa anakunywa maji bila kushiba na kusinzia kwenye cherehani. Wifi Jovina naye alichemsha yale majani machungu uliyomwagiza, akayanywa machozi yakimtoka, kisha akachukua jembe akaenda shambani.

Mwishowe nikamwambia wifi. Akacheka kwa uchovu. "Kumbe na wewe umewaona!" Sote wawili tulikuwa tunawamwagia maji kimya kimya.

Alhamisi tulimpeleka kaka hospitali. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari alipoanza kuuliza mambo ya chumbani niliinuka nitoke, kaka akanishika mkono. "Kaa. Wewe umesoma, mimi nitasahau." Nikakaa, nikaangalia viatu vyangu. Daktari akasema sukari ikikaa juu muda mrefu inadhoofisha mishipa na mbegu za mwanaume. Virutubisho vingine huenda vikasaidia kidogo, bado vinachunguzwa, lakini havichukui nafasi ya dawa. Na huo wa kopo, hata yeye hajui una nini ndani. Wifi naye walimpima. Hawakuona tatizo.

Tulipokaribia nyumbani kaka akanigeukia. "Mwandikie mama," akasema. "Mimi siwezi."

Kwa hiyo, mama, usitume tena unga wala juisi. Na lile ulilosema, kwamba kahawa ikishavunwa utakuja kumrudisha wifi kwao, nakuomba uliache. Hana kosa. Najua ulinunua kopo kwa upendo, siandiki kukuaibisha. Kaka ameanza tena vidonge. Daktari hakutuahidi mtoto, alisema tuanze na sukari.

Nisalimie baba, na shangazi anayekusaidia kumenya ndizi, na mdogo wetu wa mwisho. Mwambie ile kalamu niliyomwachia asimpe mtu.

Kopo nakurudishia kwa mkono wa katekista. Limeoshwa. Ndani kuna kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribishana, wifi ameichemsha na kuianika mwenyewe. Ukitafuna hata punje moja, mpigie umwambie. Simu hiyo unaweza kuiweka spika.

Mwanao,
Adelina