Vipande vya Baba Kwenye Kopo

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko, na baridi je? Shemeji yangu mzima? Na huyo mgeni wenu aliye tumboni, bado anakupiga mateke? Sisi tunaendelea. Mama goti linamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa.

Kwenye bahasha umekuta vipande viwili vya kitambaa nilivyovibana kwa pini. Viweke kando kwanza, usome.

Jumanne baba alitimiza mwaka tangu atutoke. Tulikwenda kaburini tukapalilia, tukarudi. Nilidhani ningelia, nikashindwa. Ndipo nikaingia humu kupanga vitu vyake, kazi niliyoikwepa mwaka mzima.

Unakumbuka kila asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mteja, alishona mstari mmoja kwenye kitambaa chakavu? Tulidhani anajaribu cherehani. Kumbe alikuwa akivitunza vipande hivyo. Nimevikuta juu ya kabati, kwenye kopo la biskuti, kila kimoja kina tarehe kwa penseli. Vya zamani vimenyooka kama rula. Halafu mstari unaanza kupinda kidogo, unarudi, unapinda tena. Miaka miwili kabla ya mteja yeyote kulalamika! Alijua peke yake, akanyamaza.

Nasi tukamfanyia nini? Suruali ya mwalimu iliporudishwa, mguu mmoja umekwenda upande, tukasema amelewa. Mama akamnusa mdomo. Mimi nikamnyang'anya ufunguo wa duka mbele ya wateja, nikamwambia, "Mzee, nenda kalale, pombe zikutoke." Aliniangalia tu, mabega yakimcheza. Miezi saba baadaye daktari akatuambia ni ugonjwa wa kurithi, unaula ubongo polepole, na kila mtoto wake huenda anao, huenda hana, nusu kwa nusu. Sikumwomba msamaha siku ile. Nilipokuja kumwomba, alikuwa hanijui tena. Naona aibu, Kifungo. Hata kuandika naona aibu.

Shangazi nimemuuliza kuhusu babu, yule tuliyeambiwa aliuawa na pombe. Amekiri kwamba hakuna aliyewahi kumwona na chupa.

Katika barua yako ulisema hutaki kupimwa, bora ulale usingizi wako. Ukaniuliza mimi nimeamua nini. Nilikuwa upande wako. Usingizi nani asiyeupenda?

Sasa vitazame vile vipande. Cha juu ni cha baba, cha mwaka ule tuliokuwa tukimwita mlevi. Cha chini ni changu, cha leo asubuhi. Nilishona vinne, na hicho, pamoja na kupinda kwake, ndicho kilichonyooka kuliko vyote.

Alhamisi nakwenda kupimwa. Nenda na wewe, mdogo wangu. Ikiwa unao, mwanao akue akijua, asije siku moja akakunusa mdomo.

Mama na shangazi wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji, na umpapase mgeni huko tumboni kwa niaba yangu. Mungu awalinde, na mikono yenu itulie.

Kaka yako akupendaye sana,
Fundi Mdogo