Amenichafua mtandaoni, nikamjibu kwa daftari la vipimo

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi pokea salamu zangu, naomba msaada wako kwa sababu nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na chumba changu cha kazi kina vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu na pazia la kujaribia nguo, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuitwa mwizi na mtu yeyote mpaka mwezi uliopita.

Ilikuwa hivi. Kuna mteja wangu, mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu, aliniletea kitambaa nimshonee gauni la harusi ya mdogo wake, nikampima, nikaandika vipimo kwenye daftari langu, ambalo ukurasa mmoja naandika wateja wawili ili lisiishe haraka, nikamwambia aje kujaribu baada ya wiki tatu, hakuja, nikampigia akasema ana mitihani ya kusahihisha, nikampigia tena akasema, "Fundi, wewe shona tu, mwili wangu si unaujua," basi nikashona, akaja kulichukua siku moja kabla ya harusi mbio mbio, na akiwa nyuma ya pazia nikasikia zipu imefanya traa, gauni limegoma kwenye nyonga. Nikampima upya palepale nikaandika pembeni ya kipimo cha kwanza, inchi nne zimeongezeka ndani ya miezi minne, nikamwambia kwa upole kwamba mwili umenenepa kidogo na akinipa saa mbili nitafumua mishono ya pembeni niongeze kipande, akanijibu kwamba nimempunja kitambaa ndiyo maana gauni limebana, akalikunja kwapani akaondoka huku analia.

Baada ya harusi nafungua simu nakuta ujumbe zaidi ya mia, kumbe kaniweka kwenye kundi la mtaa, picha yangu nimesimama mlangoni pa kazi, namba yangu ya simu chini yake, na maneno kwamba nakata vitambaa vya wateja nawashonea watoto wangu, na kwamba nguo za watu nazivaa kwenye sherehe kabla sijazikabidhi. Mshauri, mimi sina mtoto hata mmoja, na nguo za wateja nisingeweza kuzivaa hata kama ningetaka, maana nilivyo mwembamba zingeniacha nikatembea peke yangu. Haikuishia hapo, akaunti moja isiyo na sura, inajiita Macho ya Mtaa, ikaichukua ile habari ikaisambaza mbali zaidi na kuongeza la kwake, kwamba nina simu nimeificha nyuma ya pazia napiga wateja picha wakivua nguo. Hilo ndilo lililonimaliza. Wanawake wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata sijavikata, na wanaume nisiowajua wananipigia simu kuniuliza hizo picha ziko wapi, mwingine ananitukana, mwingine anataka kuziona, na mimi nimekaa kwenye cherehani nashona huku naitazama simu mpaka nikajichoma sindano ya mashine kidoleni.

Mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa safarini, nilipomweleza kwa simu akasema, "Ushahidi unao, sasa mbona umejikunyata kama mkosaji? Toa daftari waone." Nikaona ana maana. Nikaupiga picha ule ukurasa, vipimo vyote viwili vya mwalimu vinaonekana, jina lake juu, nikauweka kwenye kundi lile lile na maneno haya: "Nyonga inchi 42 siku ya kupima, inchi 46 siku ya kuchukua. Kitambaa hakijapungua, kilichoongezeka kinajulikana." Watu walicheka siku nzima, walioniita mwizi ndio wakawa wa kwanza kunipongeza, na siku hiyo nilikula nikashiba, nisikufiche.

Lakini kicheko kilipoisha wateja hawakurudi, na sasa wanaondoka hata wale waliosimama na mimi wakati wa uongo. Yule mwalimu naambiwa wanafunzi wanamwita Arobaini na Sita na kuna siku aliikuta namba hiyo ubaoni, hilo sikulitaka ila alianza yeye. Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja mpole, mteja wangu kwa miaka kumi na miwili, mtu ambaye hakuwahi kunung'unika hata nikichelewesha nguo, naye juzi alikuja akaomba kitambaa chake. Nikamuuliza, "Mama, na wewe umeamini kwamba nawapunja watu?" Akaniambia, "Hapana mwanangu, hujawahi kunipunja. Sina neno na wewe." Akakunja kitambaa chake akaenda, na mpaka leo sijui huyu nimemkosea nini, maana sikumtaja popote.

Sasa mume wangu amerudi na anasema tusiishie njiani. Kati ya wanaonitukana kwenye lile kundi wanne ni wateja wangu, vipimo vyao ninavyo, madaftari yangu yapo saba, yamejaa. Naomba uniambie, nimpeleke mwalimu mahakamani, au niweke na kurasa zilizobaki wajue kwamba na mimi nina mdomo? Nimekuambatanishia picha za kila kitu, alizoweka yeye na niliyoweka mimi, uone mwenyewe nani mkosaji.

Ni mimi, Fundi Niliyepakwa Matope

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole sana. Nakupa pole mwanzoni kwa sababu huko mbele sitakuwa na upole mwingi.

Ulichofanyiwa ni uonevu, na usikubali mtu akuambie kwamba ni maneno ya mtandaoni tu yatapita. Mwalimu alikuwa na haki ya kusema gauni limembana. Hakuwa na haki ya kukuita mwizi, wala kuwagawia watu usiowajua namba yako ya simu. Na huyo Macho ya Mtaa ni mwoga mwenye simu, amekuzulia jambo linaloweza kumpeleka mtu jela au kumletea kundi la watu wenye hasira mlangoni. Hili la kamera ndilo la kushughulikia kwanza kisheria. Gauni ni ugomvi wa kawaida wa fundi na mteja.

Kwa hiyo kusanya ushahidi wako vizuri kuliko ulivyonitumia mimi. Picha ulizopiga zimekata juu, hazionyeshi tarehe wala jina la akaunti. Zipige upya zikiwa nzima, tarehe ionekane, jina lionekane, na kiungo cha kila chapisho ukinakili mahali. Wale wanaokupigia, andika namba, siku na saa, halafu uzifungie namba zao, huna sababu ya kubishana na mtu anayekuuliza upuuzi ule. Zichapishe hizo picha kwenye karatasi, nenda nazo polisi uandikishe malalamiko, utoke na namba ya jalada, na usitoke bila hiyo namba hata wakikuambia urudi kesho. Ripoti ile akaunti kwa wenye mtandao na uwaombe jirani zako unaowaamini nao wairipoti. Kisha tafuta wakili au ofisi ya msaada wa sheria, wamwandikie mwalimu barua ya kumtaka afute na kukanusha pale pale alipokuchafua. Mara nyingi barua moja ya namna hiyo inatosha na hamfiki mahakamani. Wakati huo wote usijibu kitu kwenye kundi. Najua ulimi utawasha.

Sasa nije kwako.

Umeniuliza kama uweke kurasa zilizobaki. Usithubutu. Na ile uliyokwisha kuiweka ifute leo, halafu umwombe msimamizi wa kundi aifute na kwake na awatake wanakundi wote wafanye hivyo. Utaniambia ukifuta utaonekana umeshindwa. Basi onekana umeshindwa.

Hivi hukushangaa, fundi? Uliposingiziwa kwamba unawapiga wateja picha, wachache wenye akili walibaki kwa sababu walikujua. Kisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ukaonyesha kwamba anayegombana na wewe mwili wake utawekwa hadharani kwa inchi. Mwanamke anayesimama mbele yako na futi kiunoni anakukabidhi jambo ambalo pengine hata mumewe hajui hesabu yake. Macho ya Mtaa alidanganya kwamba huna siri, wewe ukamtafutia ushahidi. Mwalimu akienda kwa wakili wake, ukurasa huo utakuwa kitu cha kwanza mezani, na sitashangaa ukijikuta wewe ndiye unayejieleza. Mweleze hilo mumeo, ambaye anashauri vizuri sana juu ya kazi isiyo yake. Na "alianza yeye" ni hoja ya watoto wale wale walioandika namba ubaoni. Ukishaandikiana na mwalimu kwa njia ya wakili, na wewe ongeza mstari wa kumwomba radhi kwa hiyo namba. Haitakupunguzia haki yako hata kidogo.

Nilitamani kuishia hapa, lakini uliniambia nione mwenyewe, nami nikaikuza picha yako.

Umeniandikia kwamba ukurasa mmoja unaandika wateja wawili. Fundi, yule wa pili yumo. Yuko chini ya mwalimu, jina lake linasomeka, na chini ya jina kuna mistari miwili kwa mwandiko wako. Gazeti hili halitayarudia maneno yale. Itoshe kusema yanahusu mwili wake baada ya upasuaji, maelekezo ambayo fundi mzuri hujiandikia ili nguo ikae sawa na mtu mwingine yeyote asigundue kitu. Nadhani kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyegundua, kwa kuwa kazi yako ni nzuri. Siku ile watu mia kadhaa walipokuwa wakicheka nyonga za mwalimu, mistari ile ilikuwa pale pale, na yeye yumo kwenye kundi la mtaa kama nyinyi wote.

Sasa unajua umemkosea nini. Naamini hukukusudia, ulikuwa na hasira, ukatazama juu ya ukurasa hukutazama chini. Nimekuandikia kwa simu yako siku barua hii ilipofika ili picha isiendelee kukaa hadharani ikisubiri gazeti litoke, na kama ulidhani ule ujumbe ni wa matapeli, ufungue sasa.

Kwa huyo mama usimtume mtu wala usipige simu. Nenda mwenyewe kesho asubuhi kabla hujafungua kazi, na kabla ya polisi pia. Usiende na mumeo. Usibebe zawadi. Usianze na habari za mwalimu, hazimhusu. Mpelekee daftari lenyewe, umwonyeshe ukurasa, umwambie, "Mama, hii niliitoa nje mimi, na sikukuona." Halafu uichane ile nusu ya ukurasa yenye jina lake umpe mkononi mwake, na kuanzia hapo kila mteja awe na ukurasa wake peke yake, daftari likiisha haraka liishe. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, na usimwombe arudishe kitambaa. Kama kuna watoto wake waliojua kuhusu maradhi ya mama yao kupitia simu ya jirani, watakuwa na lao la kukuambia, simama usikilize mpaka wamalize.

Na akikufungia mlango kabla hujafungua mdomo, rudi kwenye cherehani chako taratibu, na usije ukaniandikia tena kwamba kuna mtu amekuharibia jina.