Wakimbizi wa ile DVD hawana matela

Jumatatu, usiku

Na bado nasema: mwenye kuchora ile katuni hajakimbia vita hata siku moja.

DVD yenyewe ni ya Kijapani, picha zake nzuri, siwezi kukataa. Muji unapigwa bombe, watu wanakimbia mikono mitupu, nywele zinapepea. Sufuria iko wapi? Matela, godoro ya kulalia, juu ya kichwa iko wapi? Siku watu wa Kibumba walishuka hapa Goma, barabara nzima ilikuwa matela zinatembea. Nikaandika vile kwa emisyo yangu, kipindi cha sinema kwa radio.

Direkta wa radio akafuta yote. "Mama Neema, watu wamechoka na vita. Sema tu kama picha iko muzuri."

Nikasema picha iko muzuri. Kwa mikro, na sauti ya furaha, kama mupumbavu.

Wamechoka! Mimi pia nimechoka, nani ameniuliza?

Tangu jioni bombe zinalia tena upande wa Kibumba. Watoto waliniuliza kama leo tutalala kwa matela. Nikakataa. Iko imefungwa kamba karibu na mulango, sufuria ndani yake.

Wamelala juu ya sementi.