Ziwa la Kushoto

Atieno, nyar Port Victoria, binti wa huko ziwani, kama tulivyozoea kukuita chuoni,

Ninakuandikia nikiwa kwenye benchi ya hospitali kubwa ya Kisumu, upande wa wagonjwa, si ule upande wetu wa sare nyeupe. Nimenunua daftari na kalamu pale langoni ili mikono ipate kazi. Halima amekaa kando yangu na buibui lake, anajifanya anasoma simu. Nikiinuka tu, najua atanishika nguo.

Naogopa. Acha niliseme hilo kwanza, halafu nikupe habari za watu, labda nitatulia.

Jumamosi darasa letu lilikutana, wale waliopatikana, kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa. Ungecheka. Tumenenepa! Ochieng, yule aliyezimia siku ya kwanza alipoona mama akijifungua, ameacha uuguzi kabisa. Anafuga samaki kwenye vizimba huko Luanda Kotieno, na anawaongelea kama sisi tulivyowaongelea wagonjwa: huyu hali, yule anapumua vibaya. Wanjiru yuko Uingereza, anatunza wazee. Alitupigia simu ya video, akaona sahani yetu ya ugali akaanza kulia, kisha akatuonyesha mwanawe ambaye hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Halima ana duka lake la dawa hapa mjini. Aliolewa na mjane mwenye watoto wakubwa, kwa hiyo anaitwa bibi kabla hajaota mvi, na anaringa nao hao wajukuu! Mimi bado niko zahanati ile ile karibu na Bondo. Nachanja watoto, watoto wananichukia.

Na wewe ulikuja pia. Mke wa Ochieng alijifungua msichana. Walisema mtoto alilia mpaka nyumba ikachoka, wakajua, kwa desturi yetu, analilia jina la marehemu; wakamtajia majina ya nyanya waliokufa wa pande zote mbili, akayakataa yote. Ndipo Ochieng akauliza, "Ama ni Atieno?" Mtoto akanyamaza, akanyonya. Basi uko tena duniani, rafiki yangu, na unavaa nepi. Wote walitaka kukubeba. Mimi nilikubeba kidogo tu, nikakurudisha kwa mama yako, kwa sababu ulikuwa umenilalia upande wa kushoto.

Unakumbuka lile somo? Mwalimu wetu aliyetoka Pwani aliingia akasema, "Leo tutajifunza kukagua ziwa," nawe ukainua mkono: "Mwalimu, tutaenda na basi ya chuo ama tutembee?" Darasa lilianguka kwa kicheko. Yeye alisema ziwa, kwao ni titi. Kwetu ziwa ni lile lililo pale dirishani. Tangu siku hiyo mimi na wewe hatukusema titi tena. Tulipofanyiana mazoezi nyuma ya pazia, vidole vitatu, mzunguko mdogo mdogo, ulikuwa unapiga kelele: "Wee Akoth, hiyo mikono ni baridi kama samaki ya friji! Polepole, hii Victoria si unga ya ugali!" Mikono yangu ilijifunza kwako. Kila mama niliyempima tangu hapo, nilimpima kwa namna ulivyonifokea.

Halafu mwaka ule ulipokuwa unamnyonyesha Junior ukanipigia simu, ukacheka, ukasema, "Ziwa imechafuka kidogo upande wa kushoto. Ni maziwa tu imeganda." Ukawa unaweka kitambaa cha moto, mpaka tukachelewa, tukakuzika. Uliyekuwa wa kwanza darasani, uliyewafundisha akina mama wa beach nzima wasingoje! Kitambaa cha moto, Atieno. Wakati mwingine bado nakukasirikia, nikiwa jikoni peke yangu, naongea kwa sauti.

Sasa sikiliza. Nilikuwa naoga. Vidole vilienda vyenyewe. Kuna kivimbe upande wa kushoto, karibu na kwapa, kama punje ya njugu. Hakiumi, hakisogei. Nilivaa nguo nikaenda kazini, nikachanja watoto. Jioni nikajiambia ni misuli, nimebeba ndoo vibaya. Mimi sinyonyeshi, kwa hiyo hata kile kisingizio chako sikuwa nacho, ikanibidi nitafute changu. Ungeona aibu kunisikia. Mgonjwa asiyejua kitu angekuwa amekuja hapa zamani.

Jumamosi hiyo Halima alinikumbatia, nikaurudisha mkono mbavuni haraka. Hakuuliza. Alinifuata msalani, akanawa mikono kwa maji ya moto aliyoomba jikoni, akafunga mlango. "Dada, fungua blauzi." Nikajaribu mzaha wetu, nikamwambia ziwa limechafuka kidogo. Hakucheka. Alipima, vidole vitatu, taratibu, akarudia pale pale. Unamjua Halima, anayeongea hata usingizini. Alinifunga vifungo mwenyewe kama mtoto wa shule, akasema tu, "Jumatatu mimi na wewe."

Mume wangu, Baba Lavender, anajua niko semina ya chanjo. Nimemdanganya kwa sababu nikimwambia, litakuwa kweli. Tena kuna jambo moja ambalo siwezi kumwambia mtu aliye hai. Mwezi uliopita nilienda kumwona Junior. Amerefuka, ana meno yako yale yenye mwanya. Baba yake ameoa tena, na mama huyo ni mwema, haki ya Mungu ni mwema. Alimwita mtoto aje kula, na Junior akaitika, "Naja, Mama." Bila kufikiri. Nilifurahi, Atieno, nilifurahi sana kwa ajili yake. Kisha nikamwona akilini Lavender wangu akiitika vivyo hivyo jikoni kwangu, akimwitikia mtu nisiyemjua, nikashindwa kumaliza chai.

Na pale kwa samaki, kila mtu akikushangilia wewe mchanga, nilikuwa nawaza: mtoto gani huko mbele atalia mpaka atajiwe Akoth? Sitaki. Jina langu bado ninalitumia.

Anayeita majina ni msichana mdogo, pengine ametoka chuo juzi. Kila anapofungua ule mlango, nainamia daftari. Mama aliyekuwa mbele yangu ameingia. Mlango wa nje uko hapo karibu, nauona mwanga wa barabarani, hata wauza mahindi nawasikia. Halima ameweka simu mkobani.

Nakuahidi jambo moja, rafiki yangu. Sitaweka kitambaa cha moto. Wakiniambia ni kitu, nitamwambia Baba Lavender leo leo. Wakiniambia si kitu, nitamwambia pia, maana nimechoka kuogopa peke yangu. Pumzika huko uliko. Nitakuja siku moja, ila si kwa sababu ya kunyamaza, na usinitengee nafasi bado.

Mlango umefunguliwa. Wameniita, Atieno. Nimeitika kwa sauti kubwa mpaka benchi nzima imegeuka.

Akoth wako